Kebo ya Intaneti Nyumbani: Maana ya Maneno ya Mafundi

Siku hizi hapa Matayos, na kando ya barabara za kwenda Busia na Malaba, mkulima huona kazi ambayo baba yake hakuiona. Watu wenye makoleo huchimba mtaro mwembamba, hulaza bomba la plastiki ndani yake, kisha hufukia. Mahali pengine waya mweusi hutundikwa juu ya nguzo. Baada ya muda kijana mwenye shati safi na karatasi mkononi hubisha hodi, naye huuliza kama nyumba hii yataka intaneti.

Kijana huyo hutaja maneno mengi kwa haraka: faiba, modemu, ruta, megabiti, waifai. Mwenye nyumba huona haya kuuliza. Hutia sahihi, halafu hulipa kila mwezi kwa kitu asichokijua. Lakini mkulima huyo huyo hawezi kununua ng'ombe wa maziwa bila kumtazama kiwele, wala hanunui mbegu bila kusoma maandishi yaliyo juu ya mfuko. Basi yafaa aijue na bidhaa hii kabla ya kutoa fedha. Somo hili limeandikwa hasa kwa wenye mashamba katika skimu, ambao nyumba zao ziko mbalimbali na fundi wa mjini hafiki upesi.

MTANDAO NI NINI

Kompyuta mbili zikiunganishwa ili zipashane habari, huo ni mtandao. Kumbuka ya kwamba simu kubwa ya siku hizi nayo ni kompyuta, ingawa yaingia mfukoni. Mitandao ya nyumbani, ya shule, ya benki na ya serikali ikiunganishwa yote pamoja ulimwenguni, ndiyo intaneti. Intaneti si kampuni, wala haina mwenyewe mmoja. Kampuni iletayo waya yakuuzia njia ya kufika huko tu, kama vile mwenye matatu anavyokuuzia safari ya Kisumu, si Kisumu yenyewe.

Habari hazisafiri kama lundo. Tuseme ndama wako ana uvimbe shingoni, nawe wapiga picha umpelekee daktari wa mifugo. Picha hiyo yaweza kuwa na ukubwa wa megabaiti 3, yaani baiti 3,000,000. Baiti moja ni kama nafasi ya herufi moja. Kabla ya kuondoka, picha hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na pakiti ya kawaida haizidi baiti 1,500. Kwa hiyo picha moja ya ndama ni pakiti 2,000 au zaidi.

Ni kama mahindi ya ghalani. Huyapeleki sokoni kwa wingi wake yakimwagika njiani. Huyatia katika magunia, na kila gunia laandikwa mahali litokapo, mahali liendako, na namba yake. Magunia yaweza kupita njia mbalimbali, na lingine laweza kutangulia. Huko mwisho kompyuta ya daktari huyapanga kwa namba zake. Likikosekana moja, huomba liletwe tena. Ndiyo sababu mtandao ukiwa mbovu picha huchelewa, lakini ikifika yafika nzima.

NJIA YA KUTOKA BAHARINI HADI MATAYOS

Kabla ya mwaka wa 2009, habari zilizokwenda ng'ambo kutoka Kenya zilipita angani kwa satelaiti. Satelaiti za namna ile hukaa juu ya ardhi kwa kilomita 35,786. Safari ya kupanda na kushuka, kwenda na kurudi, ilichukua karibu nusu sekunde, na gharama yake ilikuwa kubwa sana. Mwezi wa Juni 2009 kebo iitwayo TEAMS, iliyotoka Fujairah katika nchi za Ghuba, ilitua Mombasa. Mwezi uliofuata kebo ya SEACOM ikaanza kazi, na mwaka wa 2010 ikaja EASSy. Kebo hizi zimelazwa chini ya bahari, na ndani yake mna nyuzi za kioo.

Kutoka Mombasa njia hupanda hadi Nairobi, kisha Bonde la Ufa, kisha magharibi. Serikali nayo ilijenga njia kuu ya faiba ya taifa ili ifike makao ya wilaya za zamani, ambayo mengi sasa ni makao ya kaunti. Nyuzi zinazovuka mpaka wetu huku ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya habari za Uganda, kwa maana Uganda haina bahari. Malaba hupita malori na treni. Na chini ya udongo hupita mazungumzo na fedha za Kampala, wala hayangoji foleni ya forodha.

Mwanga ndani ya kioo huenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde moja. Toka Busia hadi Mombasa, hata njia ikizunguka, hauchukui sehemu moja ya mia ya sekunde. Basi mtu akikuambia ya kwamba intaneti yako ni pole kwa sababu Matayos ni mbali na bahari, mwambie atafute sababu nyingine.

Hata hivyo kebo hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Kenya, Uganda na Tanzania ikawa nzito kwa siku kadhaa. Siku kama hizo hakuna fundi wa Busia awezaye kukusaidia, hata ukimpigia kelele.

Kuna jambo lingine ambalo watu wengi hawalijui. Zamani barua ya kompyuta iliyotumwa na mtu wa Nairobi kwa jirani yake mwenye kampuni nyingine ilikwenda kwanza ng'ambo, kisha ikarudi, na safari zote mbili zikalipiwa. Mwaka wa 2000 kampuni za Kenya zilifungua mahali pa kubadilishana habari pao wenyewe Nairobi, pakiitwa KIXP. Palifungwa muda mfupi baadaye kwa amri ya mamlaka ya mawasiliano, pakafunguliwa tena mwaka wa 2002. Tangu hapo habari za nyumbani zaweza kubaki nyumbani. Ni sawa na kuuziana mahindi wenyewe kwa wenyewe hapa Matayos, badala ya kuyapeleka Eldoret na kuyanunua tena huko.

NAMNA ZA KEBO

Waya unaoingia nyumbani waweza kuwa wa namna tatu. Wa kwanza ni nyaya mbili za shaba zilizosokotana, kama za simu ya zamani ya mezani. Wa pili ni kebo nene ya mviringo yenye waya mmoja wa shaba katikati, kama ile ya antena ya televisheni. Katika mitaa mingine ya Nairobi na Mombasa kampuni zilileta televisheni na intaneti pamoja kwa kebo hiyo. Wa tatu ni faiba, yaani uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, ambao hubeba mwanga badala ya umeme. Kazi mpya za huku kwetu nyingi ni za faiba.

Faiba yataka adabu yake. Usiikunje kama kamba ya mbuzi. Pindo lake lisiwe dogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai, kwa kuwa kioo kikikunjwa sana mwanga huvuja au uzi huvunjika, na kwa nje huoni kitu. Ncha yake ikiwa wazi usiichungulie, maana mwanga uliomo hauonekani kwa jicho lakini waweza kulidhuru. Waambie watoto.

Wezi hukata faiba wakidhani mna shaba ndani. Hamna shaba, mna kioo ambacho hakuna mnunuzi wa vyuma vikuukuu atakayekitoa hata senti. Na wewe mkulima, kabla ya kuchimba shimo la nguzo za ua kando ya barabara, tazama kama kuna vijiwe au vibao vya alama, ukaulize. Jembe moja laweza kukata mawasiliano ya soko zima, pamoja na zahanati.

VYOMBO VYA NYUMBANI

Modemu ni chombo kinachogeuza lugha ya waya wa nje kuwa lugha ya kompyuta za ndani. Kama waya ni faiba, chombo hiki hugeuza mwanga kuwa umeme, na mafundi wengine hukiita kisanduku cha faiba. Ukiwa na modemu peke yake waweza kuunganisha kompyuta moja.

Ruta ni mgawaji. Wazee watakumbuka sanduku la posta la shule. Watu wengi wa kijiji hawakuwa na sanduku lao. Barua zote ziliandikwa kwa namba moja ya sanduku, Busia, na mwalimu akazileta kutoka posta, akazisoma majina na kuwapa watoto wazipeleke: hii ya baba Wafula, hii ya mama Auma. Ruta ndiyo mwalimu huyo. Huko nje nyumba yako yajulikana kwa anwani moja tu. Ndani mna simu tano na kompyuta moja. Simu ya mwanao ikiomba habari, ruta huandika kumbukumbu ya kwamba ni nani aliyeomba. Jibu likirudi, humpa huyo wala hampi mwingine.

Siku hizi modemu na ruta mara nyingi hutiwa katika sanduku moja lenye taa mbele, nalo watu huliita ruta tu. Hakuna ubaya, bali fundi akisema modemu imekufa lakini ruta ni nzima, sasa waelewa asemalo.

Swichi ni kisanduku chenye matundu mengi cha kuongeza nafasi za waya, kama vile soketi ya kuongeza stima. Nyumba ya kawaida haikihitaji. Shule au ofisi ya chama cha ushirika yakihitaji.

Waya wa ethaneti ndio unaotoka katika ruta kwenda kwenye kompyuta. Ndani yake mna nyaya 8 katika jozi 4, na urefu wake usizidi mita 100. Mtu akitaka kuufikisha kwenye banda la kuku au duka lake la kando ya njia, na aupime kwanza kwa hatua.

ANWANI ZA MASHINE

Kila chombo katika mtandao hupewa namba iitwayo anwani ya IP. Ndani ya nyumba zetu namba hizi huwa mfano wa 192.168.1.5. Usishangae ukiona jirani ana namba ile ile. Katika kila boma hapa kwetu yumo Wafula, wala hawachanganyiki kwa sababu kila mmoja huitwa na mama yake katika ua wake. Ruta hugawa namba hizi yenyewe, na kila chombo kikiingia hupewa yake.

Mahali pa nje pana namba pia, lakini nani aweza kukumbuka namba za mahali pote? Kwa hiyo pana majina, na pana kompyuta maalumu ambazo kazi yake ni kugeuza jina kuwa namba. Kazi hiyo huitwa DNS. Ukiandika jina, simu yako huuliza kwanza: huyu akaa wapi? Ikijibiwa, ndipo huenda. Majina ya Kenya huishia kwa .ke na ya Uganda kwa .ug. Wakati mwingine intaneti yako ni nzima lakini DNS ya kampuni imelala. Hapo kila jina hukataa kufunguka, wala waya haukukatika.

MWENDO, NA HESABU YA FEDHA

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na ndipo fedha hupotea. Tafadhali soma polepole.

Kampuni hupima mwendo kwa megabiti kwa sekunde. Simu na kompyuta hupima ukubwa wa kitu kwa megabaiti. Maneno haya yafanana, lakini biti 8 ndizo baiti 1. Kwa hiyo ukiuziwa megabiti 10 kwa sekunde, wapata megabaiti 1 na robo kwa sekunde, basi.

Jirani yangu mmoja, mama mwenye ng'ombe wanne wa maziwa, alitoa fedha za maziwa ya mwezi mzima ili mwanawe wa kidato cha tatu apate masomo ya video. Aliuziwa megabiti 10. Kijana akataka kupakua somo lenye megabaiti 700, akahesabu sekunde 70. Likachukua zaidi ya dakika 9. Mama akaona ameibiwa, akangoja fundi arudi ili amfungulie mbwa. Nilipokwenda tukakaa na kalamu: 700 gawanya kwa 1.25 ni sekunde 560, yaani dakika 9 na sekunde 20. Hakuibiwa katika mwendo.

Lakini tulipousoma mkataba wenyewe, yule mama alikuwa na haki ya kukasirika kwa jambo lingine. Uliandikwa "hadi megabiti 10". Neno hadi lamaanisha ya kwamba haitazidi hapo. Halisemi ya kwamba haitapungua. Tena chini, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, palikuwa na kikomo: akimaliza kiasi fulani kwa mwezi, mwendo utapunguzwa hadi megabiti 1. Hakuambiwa hayo mlangoni. Alikuwa amekwisha kutia sahihi kwa mwaka mzima, na kuvunja mkataba kulikuwa na faini.

Basi kabla ya kutia sahihi uliza maneno haya, na majibu yaandikwe. Mwendo ni kiasi gani saa mbili za usiku, watu wote wakiwa nyumbani? Mwendo wa kupeleka ni sawa na wa kupokea? (Mara nyingi wa kupeleka ni mdogo, na wewe mwenye kupeleka picha za mazao kwa mnunuzi waathirika.) Kuna kikomo cha mwezi? Mkataba ni wa miezi mingapi? Sanduku la ruta ni mali ya nani, na likiungua nani alipa?

Watu huuliza pia mwendo gani watosha. Kuongea kwa sauti kwahitaji kidogo sana, chini ya megabiti 1. Video iliyo safi yahitaji megabiti 3 hadi 5. Nyumba yenye simu mbili tatu na mtoto anayesoma, megabiti 10 za kweli zatosha. Mwuzaji atakusukuma ununue 40. Mwache auze kwa mwenye hoteli.

WAIFAI NA NYUMBA ZA MABATI

Waifai si intaneti. Waifai ni redio ndogo iliyomo katika ruta, inayorusha mawimbi ndani ya nyumba mahali pa waya. Intaneti ikikatika huko nje, waifai yaweza kuendelea kuonekana katika simu, nawe ukabaki na bomba lisilo na maji.

Mawimbi haya yana namna mbili za kawaida. Namna ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya ukuta wa udongo. Namna ya gigahezi 5 ina mwendo zaidi lakini huchoka upesi. Zote mbili hushindwa na mabati. Nyumba iliyojengwa kwa kuta za mabati hufunga mawimbi ndani kama kuku tenga. Ukitoka nje hatua kumi hupati kitu. Weka ruta juu ya rafu, katikati ya nyumba, mbali na mtungi wa maji na kabati la chuma. Nimemwona mzee aliyeifungia ruta ndani ya sanduku la bati na kufuli kwa kuogopa wezi, kisha akaandika barua ya malalamiko.

Jina la waifai yako lisiwe jina lako wala la shamba lako. Neno la siri lililokuja limeandikwa chini ya sanduku libadilishe siku ya kwanza, na lile la kuingilia ndani ya ruta yenyewe pia, ambalo kwa vyombo vingi ni "admin" na kila mwizi alijua. Katika mipango ya usalama chagua WPA2 au WPA3. Mtu akitenda uovu kwa kutumia waifai yako, polisi watafika kwanza kwa aliye na jina katika mkataba, na tangu 2018 Kenya ina sheria ya makosa ya kompyuta. Tena ukitaka kuwauzia majirani intaneti kwa fedha, hiyo ni biashara ya mawasiliano, nayo yahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

RADI NA STIMA

Sisi tunaokaa karibu na Ziwa Viktoria twajua radi kuliko watu wengi. Mwezi wa Aprili wa mwaka mmoja niliacha ruta yangu katika soketi nikaenda kupalilia mihogo. Mawingu yakaja saa tisa. Niliporudi, plagi ilikuwa nyeusi na nyumba yanuka moshi. Radi haikupiga nyumba yangu. Ilipiga mbali, ikafuata waya wa stima.

Uzi wa kioo haupitishi radi. Hilo ni jambo jema la faiba kuliko shaba. Lakini kebo nyingi za kutundikwa zina waya wa chuma kando ya kioo ili zisikatike kwa upepo, na chuma hicho hupitisha. Mwambie fundi akikate chuma nje ya nyumba, kioo peke yake kiingie ndani. Ukisikia ngurumo, chomoa plagi ya stima. Usingoje mvua.

Stima ikipotea, faiba yenyewe haifi, bali sanduku la nyumbani hulala. Mwenye jua na betri aweza kuliendesha. Soma maandishi ya plagi yake: ikiwa ni volti 12 na ampea 1, hutumia wati 12, yaani wati-saa 288 kwa siku nzima. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 50 ina wati-saa 600, lakini usitumie zaidi ya nusu kama wataka idumu. Hiyo ni 300, basi yatosha siku moja. Usiunganishe waya moja kwa moja. Betri ikichajiwa na jua hupita volti 14, na sanduku lingine ni la volti 9 au 5. Nunua kigeuzi cha kusawazisha volti. Bei yake ni ndogo kuliko ya ruta mpya.

MAMBO YA MPAKANI

Walio Busia na Malaba wanaotumia simu badala ya kebo wana shida yao. Mawimbi ya mlingoti wa Uganda hayajui mto wala lango la forodha. Simu yaweza kushika mtandao wa upande wa pili mtu akiwa jikoni kwake Kenya, na data ikaliwa kwa bei ya mgeni. Tazama jina la mtandao lililo juu ya kioo cha simu. Likibadilika, ingia katika mipangilio ya simu, uzime data ya ugenini, kisha chagua mtandao wako kwa mkono badala ya kuiachia simu ichague. Kebo haina taabu hiyo, kwa kuwa waya hauvuki usipovushwa.

Na kwa simu au kwa kebo, mwizi hufika vile vile. Wakulima walioandikishwa wamepata ujumbe wa simu wa kuchukua mbolea ya ruzuku, na wezi nao wamejifunza kuandika ujumbe unaofanana. Ujumbe wa kweli haukuombi namba ya siri ya M-Pesa. Mtu akiiomba, hata akilijua jina lako na namba ya kitambulisho, kata simu.

INTANETI IKIKATIKA

Usikimbilie kupiga simu. Tazama taa kwanza. Taa ya nguvu za umeme ikiwa imezimika, kagua soketi na plagi. Taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki: kebo imekatika au imekunjwa mahali. Fuata waya wako kwa macho mpaka kwenye nguzo, bila kuupanda wala kuuvuta. Taa iliyoandikwa PON ikimetameta bila kutulia, sanduku latafuta kituo na halijakubaliwa, pengine hujalipa. Taa hizo zikiwa njema na simu haifungui kitu, zima sanduku, hesabu nusu dakika, uwashe, ungoje dakika tano. Halafu jaribu kompyuta kwa waya wa ethaneti. Ikifanya kazi kwa waya na kukataa kwa waifai, kosa limo ndani ya nyumba yako wala si la kampuni.

Yote yakishindikana, piga simu kwa kampuni ukawaambie rangi za taa, si "intaneti hakuna" tu. Uombe namba ya malalamiko, uiandike pamoja na tarehe na saa katika daftari lile lile la maziwa. Kampuni ikikaa kimya, malalamiko yaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, nao jambo la kwanza watakaloliuliza ni namba hiyo.